Sitini ya Ye Shouyuan Ilikuwa Lini?

Alhamisi asubuhi Thorgerdur aliingia kwenye banda la vioo, akakung'uta theluji mabegani, akauliza swali lililomvuruga Yuan mpaka leo.

"Jumamosi tuje saa ngapi?"

Yuan alikuwa amechuchumaa katikati ya matuta ya chainizi, jasho linamtiririka, maana ndani ya banda ni joto kama jikoni hata nje kukiwa na barafu. Maji ya moto yanatoka ardhini yenyewe, yanapita kwenye mabomba, na taa kubwa zinafanya kazi ambayo jua la kule haliwezi.

"Mje wapi?" akauliza.

"Kwako, bwana! Wapi tena?"

"Kufanya nini?"

Thorgerdur akacheka kicheko chake kile cha kiume, akampiga kofi la bega, akaenda kukagua nyanya. Mabanda yote ni yake, na maji ya moto yaliyo chini yake ni yake, kwa hiyo akicheka huulizi anacheka nini. Yuan akabaki na kisu mkononi. Miaka karibu kumi anafanya kazi na mama huyu, wanaelewana kwa kila kitu cha mbegu na samadi, lakini akitoka nje ya mbegu na samadi, Yuan huwa hajui ameingia kwenye mazungumzo gani.

Jina lake kamili ni Ye Shouyuan, mtu wa Qingtian. Kama hujui Qingtian, hiyo ni hasara yako. Ni milima mitupu ya mawe, na wanaume wake wametapakaa dunia nzima. Rusha jiwe katika mji wowote wa Ulaya, litampata mtu wa Qingtian kichwani, na kabla damu haijakauka atakuuzia hilo jiwe. Hata Husavik, mji wa nyangumi na upepo, huko juu kabisa Aislandi, ukirusha litampata Yuan. Nasema hivyo kwa sababu na mimi ni wa hukohuko, na najua watu wangu.

Sasa, kwetu mwanamume hasherehekei sitini akiwa na sitini. Anasherehekea akiwa na hamsini na tisa. Kumi ikitimia imejaa, na ukipigia kelele kitu kilichojaa unamwita yule mchukuaji wa watu, unamwambia njoo, mimi hapa nimeiva. Cuifen, mke wa Yuan, analiamini jambo hili kuliko dawa ya hospitali. Baba yake alifanya sitini kamili kwa ubishi, akazikwa kabla vyombo havijaoshwa. Hivyo ndivyo asemavyo mwenyewe. Mimi nilisikia mzee alikuwa na kifua cha siku nyingi, lakini nani ana nguvu za kubishana na Cuifen?

Kwa hiyo mwaka jana, pasipoti iliposema hamsini na tisa, Yuan alifanya sherehe yake ya sitini, na aliifanya kiume. Nguruwe mzima. Tambi ndefu za maisha marefu. Akawaalika majirani, akamwalika Thorgerdur, akamwalika Hallgrimur, dereva wa lori linalopeleka mboga mji mkuu. Na kupitia kwa huyo Hallgrimur akamwalika kaka yake mkubwa, Kang.

Hapo kwa Kang ndipo palipokuwa na moyo wa sherehe yote. Kang ndiye aliyemlea Yuan baba yao alipokufa, na ndiye aliyemleta Aislandi, akampa kitanda juu ya mkahawa wake na mwiko mkononi. Yuan akapika, akapika, mpaka Desemba moja, meza zote zimejaa, akavua aproni akasema anakwenda kaskazini kulima. Kulima! Kang alimwambia mbele ya wapishi wote, "Nimekuvusha dunia nzima ukawe mtu wa mjini, wewe unarudi kwenye matope?" Tangu siku hiyo hawakusemezana. Kila wiki Hallgrimur anapeleka maboksi ya chainizi mlango wa nyuma wa mkahawa. Kang anayapokea. Jani likiwa la njano, boksi linarudi lilivyo, bila neno. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao, na Yuan aliyapenda hata hayo. Lakini Kang sasa ni mzee, madaktari walishamfungua kifua mara moja, na Yuan alitaka kitu kimoja tu duniani: kaka yake akae mezani kwake, ale, kabla mmoja wao hajaondoka.

Mwaka jana kiti cha Kang kilikaa kitupu, kinatazama mlango. Yuan alikiwekea sahani ya nyama ya tumbo. Ilipofika saa mbili Hallgrimur, ambaye hakuambiwa kitu, akakikalia akala nyama yote, akaramba vidole. Halafu akauliza, "Hivi mwaka kesho si ndiyo sitini yenyewe? Leo ni mazoezi?" Watu wakacheka. Yuan naye akacheka, machozi yamemlenga.

Basi turudi kwenye Alhamisi yetu. Jioni Yuan akafika nyumbani.

"Thorgerdur anauliza Jumamosi waje saa ngapi."

Cuifen aliacha kukata vitunguu. "Waje kufanya nini?"

"Na mimi nilimuuliza hivyohivyo. Alicheka."

"Baba Ning, nisikilize. Jumamosi ni siku kama siku nyingine. Tutakunywa uji. Tambi sipiki, yai sichemshi, na mtu asitaje ile namba humu ndani. Mwambie wasije."

"Nitawaambiaje wasije watu ambao sijawaalika?"

Cuifen akafikiri. Akarudi kwenye vitunguu na kuvikata kwa hasira.

Ijumaa Yuan akajaribu. Alimkuta Thorgerdur amepanda ngazi, anabadilisha taa.

"Mama, kesho hakuna sherehe."

"Unasafiri?"

"Sisafiri."

"Basi utakuwepo."

"Nitakuwepo, lakini..."

"Basi tutakuja."

"Lakini sikumwalika mtu!"

Thorgerdur akashuka ngazi ili amtazame vizuri. "Yuan. Mtu akifika sitini, watu wanakwenda kwake. Kama hataki, anatangaza mapema gazetini kwamba siku hiyo hatakuwa nyumbani. Wewe ulitangaza?"

"Sikutangaza."

"Hukusema kwamba haupo. Kwa hiyo upo."

"Na nani kawaambia ni kesho?"

"Kitambulisho chako kinaanza na siku uliyozaliwa, bwana. Dada wa benki anajua, daktari wa meno anajua, yule wa maktaba ndiye mpaka amepanga nani alete keki gani, tusije tukaleta zote za chokoleti."

Yuan alirudi kwenye matuta yake akiwa hajui amekubali au amekataa. Alijaribu kuelewa nchi ambayo mtu ukikaa kimya umeshaalika mji mzima. Kwao ukikaa kimya unasahauliwa, na wakati mwingine ndicho unachokitaka.

Jumamosi Cuifen alifunga mapazia yote. Wakanywa uji. Halafu akamwambia mumewe aingie chumbani, akae kitandani, asikohoe.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka iwe Jumapili."

Saa tisa hodi ikapigwa. Cuifen akafungua mlango kiasi cha pua kupita. Nje Thorgerdur, amevaa sweta lake zuri la sufu, keki mkononi, na nyuma yake foleni mpaka barabarani.

"Hayupo," alisema Cuifen.

Chumbani Yuan akapiga chafya. Ni mtu wa chafya kubwa. Hata kuku wa jirani wanaijua.

"Nani huyo?"

"Redio," akasema Cuifen.

"Redio ina mafua," akasema Thorgerdur, na akaingia.

Wakaingia wote. Wanavua viatu mlangoni, wanaingia na soksi, wanabusu, wanaweka keki. Keki mezani, keki juu ya friji, keki juu ya mashine ya kufulia. Mtu akawasha kahawa jikoni kana kwamba jiko ni lake. Mzee mmoja alikuja na kinanda cha kubeba kifuani, na huyo Yuan hakuwahi kumwona maishani. Walimtoa chumbani kwa mkono, amevaa fulana ya kazini, wakamsimamisha katikati, wakaimba kwa sauti ya kutikisa vioo, na katikati ya wimbo wakaitaja ile namba.

"Sitini!"

"Hamsini na tisa!" akapiga kelele Cuifen.

Kinanda kikanyamaza. Thorgerdur akamgeukia kwa upole. "Mwaka jana, dada, ulisema ni sherehe ya sitini."

"Mwaka jana alikuwa na hamsini na tisa!"

"Na mwaka huu?"

"Hamsini na tisa!"

Watu wakatazamana. Wa maktaba akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. "Si kitu," akasema mzee wa kinanda, "mke wangu naye alikaa hamsini na tisa miaka kadhaa." Wakaimba tena, safari hii kwa nguvu zaidi, na Cuifen akaenda kusimama mbele ya mumewe, mikono ameinyoosha, kama anamzuia mtu asiyeonekana asipite.

Yuan alikuwa katikati ya kelele hizo, kipande cha keki mkononi, anatabasamu bila kujua anatabasamia nini. Aogope? Mkewe alikuwa anatetemeka kweli. Afurahi? Watu hawa walikuwa wanampenda kweli. Kifo alikuwa hajawahi kukifikiria kikija kwenye chumba chenye krimu nyingi namna ile.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Hallgrimur wa lori, na ubavuni mwake, amevaa koti jeusi, fimbo mkononi, mfuko wa karatasi kwapani, mzee mwembamba aliyekunja uso.

"Kaka," akasema Yuan. Keki ikadondoka.

Kang hakuvua viatu. Alitazama watu, akatazama kinanda, akatazama mshumaa uliochomekwa kwenye krimu. Akapiga fimbo sakafuni.

"Zima huo!" Alisema kwa lugha yetu ya nyumbani, lakini mshumaa uliielewa, jirani aliyekuwa karibu aliupuliza haraka. "Una akili wewe? Huu ni mwaka gani?"

"Wa jogoo, Kaka." Kwetu miaka kumi na miwili inapokezana, kila mmoja na mnyama wake.

"Na wewe ulizaliwa mwaka gani?"

"Wa jogoo."

"Mwaka wako umezunguka umekurudia! Mtu katika mwaka wake anatembea ubavuni mwa ukuta, anaongea kwa kunong'ona, haanzi jambo. Wewe umeita wilaya nzima na muziki! Huyu dereva ananiuliza jikoni kwangu, 'Jumamosi unakwenda? Mji mzima unakwenda.' Nilikaa kwenye lori usiku kucha na maboksi matupu nije nikuzuie!"

"Sikuwaita. Wamekuja."

"Wote hawa wamekuja bila kuitwa?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu sikusema kwamba sipo."

Kang akamgeukia Cuifen, kama mtu anayetafuta mtu mzima chumbani. "Shemeji?"

"Ni kweli, Kaka Mkubwa," akasema Cuifen. "Ndivyo walivyo. Nimewaambia ni redio, wakaingia hivyohivyo."

Wageni walitazama, vikombe mkononi. Hallgrimur alinong'ona, "Nadhani wanasalimiana."

"Sawa," akasema Kang. "Leo wamekuja wenyewe. Na mwaka jana? Mwaka jana uliniita wewe. Kwa mdomo wa huyuhuyu."

Hili ndilo swali Yuan alilolala nalo mwaka mzima, ila yeye alikuwa analiulizia upande wa pili. "Nilikuita uje ukae nami. Nilifanya kwenye tisa, Kaka, kama alivyofanya baba yetu. Hamsini na tisa. Kwa nini hukuja?"

"Hamsini na tisa ilikuwa mwaka juzi!"

"Mwaka jana."

"Mwaka juzi, mjinga wewe! Mama alipokuzaa ulikuwa na mmoja tayari. Ule wa tumboni hukuuhesabu? Mwaka mpya ulipoingia ukawa na miwili, hata kukaa hujui. Mwaka juzi ulikuwa na hamsini na tisa. Mwaka jana sitini kamili. Nani kakuibia mwaka mmoja?"

Miaka thelathini katika nchi hii, kila ofisi, kila dirisha, kila kiti cha daktari wanamuuliza Yuan namba ileile, naye anaitaja, anaitaja, mpaka namba imekuwa ndiyo yeye. Ule mwaka wa tumboni mwa mama alikuwa ameuacha mahali, hakumbuki wapi.

"Pasipoti," akasema.

"Pasipoti ilikuzaa?"

Kang akaegemea fimbo, na sauti ikamshuka. "Mwaka juzi nilishona hili koti. Nikasema, mdogo wangu anafanya sitini yake, ataniita, siwezi kwenda na koti la zamani. Oktoba nzima dereva akija namtazama mdomo. Analeta chainizi. Chainizi tu! Nikasema haya, amenikata. Halafu mwaka unaofuata ndipo ananiletea mwaliko wa sitini kamili. Nikasema, sasa huyu hataki nije kula. Anataka nije nikae kitini nimwangalie anavyojiua."

Yuan alimtazama kaka yake na lile koti, lililoanza kupauka mikunjo kwa kutundikwa bila kuvaliwa. Mwaka juzi, Oktoba, yeye alikuwa anafanya nini? Alikuwa anafunga maboksi. Alikuwa anachagua majani mazuri kabisa ya kumpelekea, na kule mtu anafungua boksi anatafuta mwaliko chini ya majani. Alitaka kusema hayo yote. Alichosema ni, "Koti zuri."

"La kitambaa cha Kiitaliano," akasema Kang kwa ukali.

Cuifen alikuwa amekaa chini, juu ya rundo la makoti ya wageni. "Subirini. Kwa hiyo mwaka jana... tulifanya kumi kamili?"

"Kamili kabisa."

"Na nguruwe."

"Nimesikia na nguruwe."

"Na hajafa."

Kang akamkagua mdogo wake kuanzia utosini. "Bado," akasema.

Cuifen akaanza kucheka, kisha akalia, kisha sijui alikuwa anafanya kipi kati ya viwili. Thorgerdur hakuvumilia tena. "Yuan, mzee anasema nini?"

"Anasema nina sitini na moja."

"Kwa hiyo tumechelewa?" akauliza wa maktaba, ameshtuka kweli.

"Mmewahi," akasema Cuifen, anajifuta pua. "Mmechelewa. Kuleni keki."

Kang hakuwa amemaliza. Akafungua mfuko wa karatasi, akatoa pakiti, akaichana mbele ya watu wote. Chupi nyekundu, nyekundu ya kuumiza macho, mpya, na jogoo wa uzi wa dhahabu ametariziwa. Mtu wa jogoo katika mwaka wa jogoo asipovaa nyekundu ngozini, anatembea uchi mbele ya mabalaa; hilo hata pasipoti haiwezi kubadilisha. Kang alizinunua mwezi wa pili, mwaka wetu ulipoanza, akaziweka kwenye droo. Miezi yote hiyo alikuwa anatafuta njia ya kuzituma kaskazini bila kuonekana ametuma kitu.

"Nenda kavae."

"Sasa hivi, Kaka?"

"Unataka nikuvalishe mimi? Nilishakuvalisha sana."

Yuan akaingia chumbani, akafunga mlango. Sebuleni watu wapatao arobaini walikaa kimya wakisubiri, hawajui wanasubiri nini, ila waliona ni jambo la heshima. Fimbo ya Kang ilikuwa imesimama nje ya mlango kama askari. Kikasikika kitanda kikilia. Mkanda.

"Kaka," sauti ya Yuan ikatoka, ya chini. "Jogoo anakaa mbele au nyuma?"

Kang alishika kifua. Cuifen akaruka, Hallgrimur akaruka, wakamkamata mabega. Mzee alikuwa anatikisika mwili mzima, mdomo wazi, hakuna sauti, na ilichukua muda mpaka wakaelewa kwamba ni kicheko tu, na kwamba kilikuwa hakijatumika siku nyingi.

"Mbele!" akapata pumzi. "Mbele, bata wewe! Lini jogoo alitembea kinyumenyume?"

Yuan alitoka akitembea kwa uangalifu. Watu wakampigia makofi. Kang akakubali kuvua viatu. Akakaa kitini, akala keki kwa kijiko cha supu, akasema ni tamu kama dawa ya watoto, akaongezewa, akala. Yuan alikaa karibu naye, goti linagusa goti. Alikuwa anajaribu kuhesabu: hamsini na tisa ya Cuifen, sitini ya majirani, sitini na moja ya Kaka. Kila akifika mwisho, mwaka mmoja ulikuwa unachepuka.

Thorgerdur alisogeza kiti. "Mwulize na yeye ana miaka mingapi."

Yuan akauliza. Kang akaweka kijiko chini, akakunja vidole mmoja mmoja, akianzia na ule wa tumboni.

"Sabini na nane," akasema.

Cuifen ndiye aliyewahi. "Kaka Mkubwa! Basi mwakani ni sabini na tisa. Mwakani ndiyo themanini yako!"

Wakahesabu upya wote watatu, mmoja kwa vidole, mmoja kwa midomo, mmoja kwa kutazama dari. Safari hii jibu likawa moja.

"Mwakani," akasema Yuan. "Nitapika mimi. Jikoni kwako. Ukitaka."

Kang alipangusa krimu kwenye masharubu, akatazama mji mzima wa watu wenye soksi, waliokuwa wanamtazama na hawakuelewa hata neno moja.

"Nguruwe wako nilisikia alikuwa mkavu," akasema. "Uje wiki nzima kabla, nikuoneshe tena."